Mkato Begani mwa Gitaa: Hoja Ni Kazi, Si Sauti

Chukua magitaa mawili ya jazz, yote ya aina ile yenye uso uliobinuka na matundu mawili marefu yenye umbo la herufi f. La kwanza lina mabega mawili yaliyolingana, kushoto na kulia ya shingo. La pili lina bega moja tu. Lile la upande wa nyuzi nyembamba limekatwa likaingia ndani, mkono upate njia ya kupita. Kipande kilichoondolewa ni kidogo, lakini kimezua ubishi wa miaka mingi miongoni mwa wapigaji na mafundi. Wapo wanaoapa kwamba gitaa zima, lisilokatwa, lina sauti nene na yenye nguvu zaidi, na kwamba anayechagua lenye mkato amekubali kupoteza sauti ili vidole vipate raha. Wapo pia wanaoliona gitaa zima kuwa chombo kilichopitwa na wakati, kinachofaa kutundikwa ukutani. Pande zote mbili zinaukuza mkato kuliko unavyostahili. Ushahidi tulionao, wa historia na wa fizikia ya sauti, unaonyesha kwamba mkato umebadili kidogo sana sauti ya gitaa. Kilichobadilika ni kazi ya mpigaji, na mkato ukaja kuitumikia kazi hiyo mpya. Anayetaka kuchagua kati ya haya mawili aanze kwa kujiuliza atapiga nini, ndipo ageukie swali la sauti.

Kwanza tulielewe gitaa lenyewe. Gitaa la kawaida lenye tundu la duara lina uso bapa, na nyuzi zake zimefungwa kwenye daraja lililogandishwa kwa gundi juu ya uso huo. Gitaa la uso uliobinuka limeundwa kwa kufuata fidla. Fundi huanza na ubao mnene wa sprusi na kuuchonga nje na ndani mpaka ubaki kuba jembamba. Mgongo na mbavu kwa kawaida ni mti wa mepo. Daraja husimama juu ya kuba hilo bila gundi, likishikiliwa na mkandamizo wa nyuzi tu, na nyuzi zenyewe hufungwa kwenye mkia wa chuma au mbao mwishoni mwa mwili. Kwa hiyo nyuzi zinaukandamiza uso kwenda chini. Sauti inayopatikana hutoka haraka, ina makali mwanzoni, kisha hufifia mapema. Mtindo wa kuchonga magitaa kwa namna hii ulianzishwa na Orville Gibson huko Kalamazoo, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, na kampuni yenye jina lake ikaundwa mwaka 1902. Miaka 20 baadaye, mwaka 1922, kampuni hiyo ilitoa gitaa lililoitwa L-5 chini ya usimamizi wa Lloyd Loar. Lilikuwa na upana wa inchi 16, matundu ya f badala ya tundu la duara, na mabega mawili kamili.

Mabega hayo hayakumsumbua mtu kwa sababu kazi ya gitaa wakati huo haikuyagusa. Katika bendi kubwa za jazz za miaka ya 1930, zenye safu za tarumbeta, tromboni na saksafoni, gitaa lilichukua nafasi ya banjo katika kikosi cha rithimu. Mpigaji alikaa karibu na mpiga dramu na mpiga besi, akapiga kodi, mapigo manne kwa kila kipimo, usiku mzima. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Freddie Green, aliyejiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937 na kubaki humo karibu bila kukatika hadi alipofariki mwaka 1987. Green aliinua nyuzi zake juu sana kutoka kwenye shingo ili azipige kwa nguvu bila kukwaruza freti, hakutumia amplifaya, na solo zake katika miaka yote hiyo ni chache mno. Mara nyingi alichokisikia msikilizaji katika kodi yake ni noti moja au mbili za nyuzi za katikati, zilizochanganyika na besi na dramu hata ukashindwa kujua kipi kimeanzia wapi. Mkono wa kushoto wa mpigaji wa namna hiyo haufiki freti ya 14. Ukimkatia bega la gitaa lake, hutakuwa umempa kitu.

Alichohitaji mtu huyo ni nguvu, na kabla ya umeme njia ya kuipata ilikuwa ukubwa. Ndiyo maana muongo huo ulikuwa wa mashindano ya upana. Gibson iliipanua L-5 ikafika inchi 17, na mwaka 1934 ikatoa Super 400 yenye inchi 18. Epiphone ya New York ilijibu kwa Emperor, iliyozidi inchi 18. Huko Boston, Elmer Stromberg alifikia inchi 19 katika gitaa lake la Master 400, na Freddie Green ni mmoja wa waliolitumia. Jijini New York, John D'Angelico, ambaye alifungua karakana yake mwaka 1932 baada ya kujifunza ufundi wa fidla na mandolini, alitengeneza magitaa ya inchi 17 na 18 kwa mkono, moja moja, na hadi kifo chake mwaka 1964 daftari lake lilikuwa na magitaa 1,164. Sehemu kubwa ya magitaa ya mwanzo ya mafundi hawa hayana mkato. Hakuna haja ya kudhani kwamba walilinda siri fulani ya sauti. Mteja hakuwa ameomba mkato bado.

Sasa tuangalie alichokosa mpigaji wa solo. Katika magitaa haya, shingo huungana na mwili kwenye freti ya 14, na ubao wa vidole huendelea juu ya mwili hadi freti ya 20 au zaidi kidogo. Mkono wa kushoto ukipanda, kidole gumba kikiwa nyuma ya shingo, kiganja hugonga bega na gumba hukutana na kisigino cha shingo karibu wakati mmoja. Kidole kimoja kinaweza kunyooshwa freti moja au mbili mbele, lakini mkono kama mkono umefika mwisho. Kwenye ubao wa freti 20, noti za freti ya 15 hadi ya 20 katika uzi wa kwanza hazipatikani pengine popote panapofikika: ya chini kabisa kati yao, G, inapatikana pia katika uzi wa pili, lakini huko iko kwenye freti ya 20, juu ya mwili vilevile. Hivyo kati ya noti 45 za gitaa hilo, 6 za juu kabisa zimezuiwa na bega. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kusema hasara ni ndogo. Lakini mpiga solo hapotezi noti 6 tu. Anapoteza uwezo wa kuuweka mkono mzima pale juu na kupiga mistari ya haraka, kodi nzito au oktavu bila kulazimika kuvunja mwendo wake. Wes Montgomery, aliyepiga solo zake kwa kidole gumba na kuzijenga kutoka noti mojamoja hadi oktavu na kisha kodi nzima, alikuwa akitumia L-5 ya umeme yenye mkato. Kodi ya nyuzi nne juu ya freti ya 14 inahitaji vidole vinne vyenye nafasi, na bega kamili haliwapi wapigaji wa aina yake nafasi hiyo.

Wazo la kulikata bega halikuanzia Kalamazoo. Mwaka 1932 kampuni ya Selmer ya Paris ilitoa gitaa lililosanifiwa na Mario Maccaferri, lenye mkato, na ndilo umbo ambalo Django Reinhardt alilifanya lijulikane ulimwenguni. Gitaa lile si la kuchongwa kama fidla, lakini linaonyesha jambo moja muhimu: Django alikuwa mpiga solo aliyeongoza kundi la ala za nyuzi pekee, lisilo na tarumbeta wala dramu za kushindana nazo, na chombo kilichomfaa kilikuwa na njia ya kupanda juu. Kwa magitaa ya kuchongwa, Gibson ilianza kutoa L-5 na Super 400 zenye mkato mwaka 1939. Mwaka huohuo Charlie Christian alijiunga na Benny Goodman akiwa na gitaa la umeme, na wasikilizaji wengi wa Marekani wakasikia kwa mara ya kwanza gitaa likipiga solo kwa sauti ya kukabiliana na klarineti na vibrafoni. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilisimamisha sehemu kubwa ya utengenezaji, lakini vilipokwisha mkato ukaenea haraka. Gibson ilitoa ES-350 ya umeme yenye mkato mwaka 1947, ES-175 mwaka 1949, na L-5 yenye vinasa viwili vya umeme usoni mwaka 1951. Muongo mmoja ulitosha kuligeuza gitaa zima kutoka desturi kuwa oda ya pekee.

Mkato pia ulikuwa na gharama yake kwenye meza ya fundi. Mbavu za gitaa ni vipande vya mepo vyenye unene wa milimita mbili hivi, vinavyoloweshwa na kupindwa juu ya chuma cha moto. Bega la kawaida lina mpindo mpana ambao mbao huufuata bila shida. Mkato wa mviringo unataka mpindo mkali na mara moja unageuka kuelekea upande mwingine, na mepo yenye mawimbi mazuri, ile inayopendwa kwa macho, ndiyo hupasuka kwa urahisi zaidi kwa sababu nyuzinyuzi zake hazikunyooka. Mkato wa ncha, kama ule wa ES-175, unaukwepa mpindo mmoja lakini unadai mbavu mbili ziungwe kwenye ncha kali, na urembo wa pembeni uungwe papo hapo bila mwanya. Kisha kuba la uso lazima lichongwe upya kufuata ukingo ambao haulingani na wa upande wa pili. Kazi hiyo yote huongeza saa, na saa huongeza bei. Kwa hiyo mteja wa zamani aliyelipia mkato alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa solo.

Tukifika kwenye sauti, hoja ya watetezi wa gitaa zima ina mantiki ya awali: ukipunguza mwili, umepunguza hewa iliyomo ndani, na hewa hiyo ni sehemu ya sauti. Hilo ni kweli. Ukipuliza juu ya mdomo wa chupa, chupa yenye nafasi kubwa ndani hutoa sauti ya chini zaidi, na gitaa nalo lina mlio wake wa hewa unaoongeza uzito wa noti nene. Swali ni kiasi gani. Mlio huo hupanda kwa kinyume cha kipeuo cha pili cha ujazo. Tuseme mkato umechukua asilimia 5 ya ujazo wote. Mlio wa hewa utapanda kwa asilimia 2.6 hivi, ambayo haifiki hata nusu ya hatua iliyopo kati ya freti moja na inayofuata. Linganisha na upana: ukilikuza gitaa la inchi 17 kuwa la inchi 18 kwa uwiano uleule, hata bila kuongeza kina, eneo la uso wake na ujazo wake vinaongezeka kwa asilimia 12. Mtu anayesema hawezi kuvumilia mkato, huku akichagua kati ya inchi 17 na 18 kwa kuangalia tu lipi linamkaa vizuri mapajani, amelihangaikia jambo dogo na kulipuuza kubwa. Zaidi ya hapo, bega si mahali ambapo uso wa gitaa hutetemeka sana. Sehemu inayofanya kazi kubwa ni ile pana ya chini, kulizunguka daraja. Huko juu pameshikwa na gogo la ndani linaloshikilia shingo, na mbao za pale ni ngumu kutikisika hata kabla mtu hajakata chochote.

Hapa watu wenye masikio mazuri watapinga, na pingamizi lao linastahili jibu. Watasema wamesikiliza L-5 za miaka ya 1930 zisizo na mkato na zile za baadaye zenye mkato, na tofauti ipo, tena kubwa. Ninakubali kwamba tofauti ipo. Ninachokataa ni kuubebesha mkato mzigo wote. Chini ya uso wa gitaa kuna fito za mbao zinazouimarisha, na mpangilio wake una athari kubwa kwa sauti. Katika sehemu ya miaka ya 1930 Gibson ilizipanga fito hizo kwa umbo la herufi X, jambo linaloipa sauti ulaini na upana, na mwishoni mwa muongo huo, karibu na wakati uleule mkato ulipoingia, ikarudi kwenye fito mbili za sambamba, ambazo hutoa sauti kavu na yenye kupenya. Kisha ukaja umeme. Gitaa lililotobolewa uso ili liwekewe vinasa viwili vizito, na kuimarishwa ndani ili lisilie mluzi mbele ya amplifaya, haliwezi kutikisika kama lile lililoachwa huru. ES-175 ilienda mbali zaidi: uso wake ni tabaka za mbao zilizogandishwa na kubanwa, haukuchongwa kabisa. Hivyo anayelinganisha gitaa zima la mwaka 1936 na lenye mkato la mwaka 1951 analinganisha fito, uzito, vinasa na matarajio ya mteja, kisha kwa kuwa jicho linaona bega tu, bega ndilo hupewa lawama.

Mwingine atasema: basi tuchukue magitaa mawili ya fundi mmoja, ya mwaka mmoja, yenye upana mmoja, moja limekatwa na jingine halikukatwa. Hilo ni jaribio bora zaidi, lakini bado halimalizi ubishi. Fundi aliyechonga kwa mkono hufuata ubao alio nao. Ubao mmoja wa sprusi ni mwepesi na mgumu, mwingine ni mzito na laini, na kuba linaweza kupungua nusu milimita hapa na kuongezeka pale. Magitaa mawili yasiyo na mkato kutoka meza moja huweza kutofautiana waziwazi. Ili tuulaumu mkato, ingetubidi tusikilize mengi ya kila upande bila kuyaona, na tofauti ya makundi hayo mawili izidi tofauti iliyomo ndani ya kila kundi. Mpaka hapo, kusema kwamba mkato una athari ndogo ni kusema kile ambacho hesabu inaruhusu.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa pili, nalo ni zito zaidi kwa hoja yangu. Ikiwa mkato ulikuja kwa ajili ya solo, mbona Charlie Christian mwenyewe, aliyeonyesha njia, alipiga Gibson ES-150, gitaa la mwaka 1936 lisilo na mkato? Na mbona Eddie Lang kabla yake alipiga solo zake kwa L-5 nzima? Jibu ni kwamba mtindo hutangulia chombo. Christian alijenga mistari mirefu kama ya saksafoni, na mistari hiyo kwa kiasi kikubwa inakaa mahali ambapo mkono unafika kabla ya bega. Alichohitaji kwanza ni kusikika, na hicho alikipata kwa kinasa cha umeme. Waliomfuata walipokwisha kusikika, walianza kutaka ubao wote. Christian alifariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25, kabla soko halijafika huko. Kwa hiyo mfano wake unathibitisha kwamba mtu anaweza kupiga solo kubwa bila mkato. Haukanushi kwamba mkato ulienea pale wapiga solo walipokuwa wateja wengi.

Mgawanyo huu wa kazi si mgeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliyekulia kwenye muziki wa dansi. Katika bendi zetu, mpiga rithimu na mpiga solo ni watu wawili wenye kazi mbili, na mpiga solo hupanda hadi mwisho wa shingo wimbo unapochemka. Hakuna anayemwona mpiga rithimu kuwa mpigaji wa daraja la chini kwa sababu mkono wake haupandi, na kila bendi inajua kinachotokea asipokuwepo. Tungeutazama ubishi wa magitaa ya jazz kwa macho hayohayo, sehemu kubwa yake ingeyeyuka.

Lipo pia suala la fedha, na hapa historia imempa mnunuzi makini nafasi nzuri. Katika soko la magitaa ya zamani, yenye mkato huuzwa ghali kwa kiasi kikubwa kuliko mazima ya fundi yuleyule, hata kama ubora wa mbao na uchongaji ni sawa. Sababu ni mahitaji: wapigaji wengi wa leo wanataka ubao wote, na yenye mkato ya enzi za mwanzo ni machache. Kwa anayepiga rithimu ya mtindo wa bendi kubwa, au anayeimba na kujisindikiza kwa kodi, bei hiyo ya ziada inalipia nafasi ambayo mkono wake hautaitumia. Atapata gitaa bora zaidi kwa fedha ileile akichukua zima. Kwa anayepiga solo, anayecheza oktavu na kodi za juu, au anayefanya kazi na bendi tofauti kila wiki bila kujua ataombwa nini, mkato una thamani yake yote, na hapaswi kuona haya kwamba eti ameuza sauti. Aangalie upana, fito, uzito wa mbao na aina ya kinasa, kwa sababu huko ndiko sauti inakoamuliwa. Bega aliamue kwa mkono wa kushoto: apige kile anachopiga siku zote, na kama kiganja chake hakigongi mbao hata mara moja, ana sababu nzuri ya kuliacha bega mahali pake.